Nembo ya Gazeti Ukosini: Neno na Kitu

Nembo za magazeti ya zamani hufanywa beji ndogo za kubandika kwenye ukosi wa koti, na wapo watu wanaozikusanya. Jambo hili si la madukani tu. Lahusu lugha pia, na yafaa lipimwe.

Tuanze na jina la kitu. Nishani hupewa aliyestahili, lakini hii hununuliwa. Kipini ni pambo la puani. Beji, ijapokuwa ni neno la mkopo, lafahamika kwa wote, nalo latosha. Neno lenye uzito ni nembo. Zamani lilikuwa jina la chale za mwilini zilizotambulisha kabila la mtu. Nembo ya kweli, basi, husema mtu ni wa nani.

Je, beji yaweza kusema hivyo? Tuchukue Rumuli, gazeti la Kikatoliki lililopigwa chapa Bukoba. Jina hilo ni la Kihaya, na maana yake ni mwenge. Mhaya wa Bukoba, au wa Rutabo katika Muleba ya leo, alikokuwa Askofu Laurean Rugambwa aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, hahitaji picha ili auone moto huo: umo ndani ya neno.

Tuseme sasa fundi achore mwenge mtupu katika shaba, auite ukumbusho wa Rumuli. Mtanzania atauona Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. Mtu wa Mbarara atakumbuka Orumuri, gazeti la Kinyankore na Kikiga, ambalo jina lake ni ndugu ya hilo. Huko Marekani, magazeti ya Scripps-Howard yalijitambulisha kwa mnara wa taa. Picha ya nuru ni ya watu wote. Neno ndilo la wenyewe. Beji isiyo na neno, kwa hiyo, imebakiza pambo na kuipoteza nembo.

Tena, mkusanyaji hupenda kitu kiwe adimu, hali gazeti hupenda kuenea. Mwenge huwasha mwingine usipungukiwe. Beji iliyofungiwa sandukuni haimmulikii mtu. Lakini ikiwa imeandikwa jina, na kijana wa Muleba akauliza maana yake, kisha akazitafuta nakala za gazeti zisije zikaliwa na mchwa, hapo beji itakuwa imestahili kuvaliwa. La sivyo, ni kipande cha shaba.