Kiasi cha Nati

Miongoni mwa kazi za ufundi zinazofanyika uani kisiwani Pemba, kubadilisha beringi za magurudumu ya nyuma ya gari kuukuu kunastahili sifa kubwa kuliko kunavyopewa, kwani nguvu, ambazo wengi hudhani ndizo ufundi wenyewe, huhitajika humo katika nusu ya kwanza tu. Beringi ni kifaa cha chuma kinachokaa kati ya mhimili usiozunguka na kitovu cha gurudumu kinachozunguka, ili gololi au rola zilizomo zibebe uzito kwa kubingirika badala ya kusuguana. Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya beringi ya gololi mwaka 1794, akikusudia magari ya farasi. Rola zenye umbo la pia iliyokatwa ncha, zinazohimili uzito wa juu na msukumo wa ubavuni kwa pamoja, zilipata hataza Marekani mwaka 1898 kwa juhudi za Henry Timken, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi. Gari la ng'ombe la Pemba, basi, halina haja ya kuionea haya motokaa katika jambo hili.

Barabara itokayo bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake na kuendelea Wete hupanda na kushuka vilima, mvua za masika hugeuza njia za mashamba kuwa tope, na msimu wa karafuu huongeza magunia katika gari lililoundwa kuchukua abiria. Maji yakipenya sili, yaani mpira unaozuia grisi isitoke na uchafu usiingie, chuma hupata kutu na vishimo, na gari huanza kuvuma. Mvumo huo hufuata kasi ya gurudumu, si ya injini, na aghalabu huzidi gari likikata kona ya kulia iwapo beringi mbovu ni ya kushoto, kwa kuwa uzito huhamia upande wa nje. Msikilizaji makini huujua upande kabla ya kushika jeki.

Katika magari mengi ya zamani yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ngoma ya breki hutoka pamoja na kitovu baada ya kuondolewa kifuniko, pini na nati. Vikombe, yaani pete za chuma ambamo rola hubingirika, hugongwa kwa tindo butu vikatoka, na vipya huingizwa kwa kugongwa kidogo kidogo pande zote, maana kikombe kilichokaa upande huua beringi mpya upesi. Grisi husukumwa kwa kiganja mpaka ichomoze upande wa pili wa rola, kazi chafu isiyo na njia ya mkato.

Hapo ndipo nguvu hukoma. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae mahali pake, hulegezwa, kisha hurudishwa kwa vidole tu, au kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na kufungwa kwa pini mpya. Ikilegea mno gurudumu hucheza. Ikibana mno grisi huungua na chuma hugeuka rangi ya samawati. Baada ya safari fupi fundi hugusa kitovu kwa tahadhari: joto kidogo halimshughulishi, lakini kikiwa cha moto, breki zikiwa hazishikilii, pini huchomolewa na nati hupimwa upya.