Loys Bourgeois na Mizani ya Kiswahili: Sauti ya Geneva Ikipimwa Korogwe na Handeni

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki husikika sauti moja ya kale ambayo Waingereza waliipa jina la Old Hundredth. Wengi huidhani kuwa ni mali ya Waingereza, walakini asili yake ni ya Kifaransa. Ilipigwa chapa Geneva mwaka 1551 kwa Zaburi ya 134, na kwa kawaida hunasibishwa na Loys Bourgeois, mtu wa Paris aliyezaliwa karibu na mwaka 1510. Nia ya makala haya ni kuipima kwa jambo moja tu: je, yalichukua neno la Kiswahili kama lisemwavyo?

Bourgeois alisimamia uimbaji wa zaburi Geneva tangu mwaka 1545. Mwaka 1550 alitoa kitabu cha kufundisha uimbaji, na tarehe 3 Desemba 1551 alitiwa gerezani kwa kuzigeuza sauti zilizozoeleka bila idhini ya wakuu wa mji. Calvin alimwombea akafunguliwa. Mwaka uliofuata akauacha mji.

Yafaa sauti hii ipimwe Korogwe na Handeni kwa sababu mbili. Kwanza, pande zile zina mapokeo mawili ya kuimba Kiswahili. Misheni ya UMCA, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864, ilieneza nyimbo za Kiingereza Bonde na Usambara, na Korogwe ina kanisa kuu la Kianglikana. Handeni, Wazigua wengi ni Waislamu, wazoefu wa kasida na maulidi. Pili, Kizigua na Kisambaa ni lugha za toni, ilhali Kiswahili ni lugha ya mkazo. Sikio lililolelewa na toni ni jepesi kutambua sauti inapopanda pasipostahili.

Sasa tuitazame sauti yenyewe. Ina mistari minne, kila mstari noti nane. Mshairi wa Kiswahili hawezi kukosa kuona kwamba hiki ndicho kimo cha ubeti wa utenzi: vipande vinne vya mizani nane. Ulinganifu huo ni wa bahati tu, lakini huwashawishi watu kudhani kuwa kazi imekwisha pale hesabu inapotimia. Haijaisha. Tuchukue kipande cha mfano: Twatokea Korogweni. Mkazo wake umo katika mizani ya tatu, ke, na ya saba, gwe. Uimbaji wa Kiingereza hutilia nguvu noti ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Basi nguvu yote huangukia to, a, ro, ni, na hakuna hata moja iliyo na haki nayo. Mwimbaji hutamka Kiswahili kama mgeni katika lugha yake.

Kosa hilo si la Bourgeois peke yake. Katika chapa ya 1551 noti za mstari wa kwanza hazikuwa sawa kwa urefu: ya kwanza ilikuwa ndefu, nne zilizofuata fupi, na tatu za mwisho ndefu. Kwa kipimo hicho gwe hupata urefu wake, wala ni haibaki peke yake ikivutwa. Waliozisawazisha noti baadaye ndio waliotuondolea faida hiyo.

Hata hivyo haifai kumsifu Bourgeois kupita kiasi. Mstari wa kwanza na wa tatu humalizika kwa kupanda, hata silabi ya mwisho ikawa juu ya ile yenye mkazo. Kwa Kiswahili hilo ni kinyume. Mstari wa pili na wa nne hushuka mwishoni, na hapo neno hukaa vizuri. Zaidi ya hayo, mstari wa nne hutua kwenye noti ya nyumbani, kama kipande cha mwisho cha utenzi kinavyotua kwenye kina cha bahari.

Basi hukumu yangu ni hii. Sauti hii ifaa kuhifadhiwa, lakini irudishiwe urefu wa noti zake za awali, na miisho ya mistari miwili inayopanda irekebishwe na watunzi wenye sikio la Kiswahili. Atakayesema kuwa ni utovu wa heshima kugusa sauti ya kale, na akumbuke kwamba mwenyewe aliyeipanga alifungwa kwa kosa hilo hilo, na kwamba hiyo tuimbayo leo imekwisha kuguswa na wengine.