Mpishi wa Lake Eden na nguru wa Koyama

Kitabu kilikuja ndani ya boksi la vitabu vya msaada, jalada limechanika, na kilikuwa kimeshapita mikono mingi katika blok yetu kabla ya kunifikia. Kinaitwa Chocolate Chip Cookie Murder, cha Joanne Fluke, kilitoka mwaka 2000. Ni cha kwanza katika mfululizo ambao sasa umepita vitabu 20, na mhusika mkuu ni yule yule katika vyote: Hannah Swensen, mwanamke mwenye duka la biskuti na kahawa katika mji mdogo wa Lake Eden, jimbo la Minnesota. Mji wenyewe ni wa kubuni, usiutafute kwenye ramani. Minnesota ndiyo ya kweli, na hapa kambini nani asiyeijua Minnesota? Wasomali wengi wa Marekani wako huko, na kila blok ina mtu anayesubiri simu kutoka kule. Nadhani ndiyo maana kitabu kiligombaniwa. Watu walitaka kuona mitaa. Mimi nilichokiona zaidi ni jikoni.

Stori ni hivi. Asubuhi moja muuza maziwa wa mji anakutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake, nyuma ya duka la Hannah, na biskuti za Hannah zimetapakaa pale pale. Shemeji yake Hannah, mume wa mdogo wake, ni askari anayetaka kupandishwa cheo. Anamwomba Hannah atege masikio. Basi Hannah anaendelea kumimina kahawa na kutoa sahani za biskuti, na watu wanasema. Anayekula kwako hakuogopi. Kati ya sura na sura mwandishi anasimamisha upelelezi akueleze biskuti zinapikwaje, siagi kiasi gani, sukari kiasi gani, oveni iwe moto kiasi gani. Sisi wa unga wa mgao na jiko la kuni tulicheka sana kwenye kurasa hizo, lakini kuna dada mmoja alizinakili kwenye daftari, na sikumcheka.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kuona mtu asiye polisi akifanya kazi ya polisi. Bwana Msa tulimjua zamani. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikachapishwa 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakaendelea hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Unguja ya Bwana Msa nayo ni mji mdogo, watu wanajuana, siri zimelala chini ya mikeka. Ila Bwana Msa anatumia kichwa. Anakaa, anavuta kiko, anapanga mambo moja baada ya jingine, na rafiki yake Najum anabaki mdomo wazi. Wanawake wa mle ndani wanapika, wanatega masikio, wanajua mengi, lakini hakuna anayewaachia kufumbua fumbo. Kwa hilo tu nampa Fluke heko. Amemweka mpelelezi palipo na sufuria.

Kasoro ya kitabu ni kwamba kifo chake ni chepesi mno. Ndiyo mtindo wa riwaya hizi za kustarehesha: mtu anauawa lakini damu huioni, na ukifika mwisho mji umerudi kama ulivyokuwa, chai ipo mezani. Aliyekimbia vita akisoma hivyo anaweza kukasirika. Mimi mwanzo nilikasirika. Visiwa vyetu, tangu vilivyo karibu na Kisimayu kushuka hadi Ras Kamboni, havikurudi kama vilivyokuwa baada ya 1991, wanamgambo walipopita na watu wakaingia majahazini kuelekea Lamu na Mombasa. Nilikiweka kitabu chini siku tatu.

Kilichonirudisha ni shangazi yangu. Nilimsimulia hadithi jioni moja, akasikiliza mpaka nilipofika kwenye yale mazungumzo ya dukani, akasema, "Mwanangu, huyo si mpelelezi. Huyo ni mpishi tu."

Kisha akanikumbusha jambo la jarife. Shangazi alikuwa akipika Koyamani, kule Koyama, mikate ya mofa na samaki wa kukaanga kwa wavuvi na mabaharia waliopita. Duka hakuwa nalo, alikuwa na baraza na makaa. Msimu mmoja jarife la jirani lilipotea usiku. Jarife si kitu kidogo, ni riziki ya nyumba nzima. Watu wakatazamana vibaya, wengine wakataka kwenda kwa mganga. Siku chache baadaye akaja mtu na nguru wawili wakaangwe. Akasema kawapata kwa mshipi. Shangazi akawachukua, akawaosha, akawatazama midomo. Hakuna tundu la ndoana. Akatazama nyuma ya mashavu: alama za uzi zimezunguka pande zote mbili, magamba yametoka pale pale. Samaki aliyenasa kwenye wavu, kila mwenye kuparuza samaki anamjua. Na mtu yule hakuwa na wavu.

Hakumwambia polisi, maana polisi hakukuwa. Hakumwambia hata mwenye jarife. Alimwambia mkewe, kisimani, kwa maneno ya kuzunguka. Alfajiri ya siku ya tatu jarife lilikutwa limekunjwa mchangani mbele ya nyumba ya mwenyewe. Aliyelichukua hakutajwa jina mpaka leo, na mimi nilipomuuliza shangazi alinitazama kama sina adabu.

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kubwa na Lake Eden. Kitabu cha Fluke, kama vitabu vyote vya aina yake, hakiwezi kwisha mpaka jina litajwe mbele ya watu. Koyama fumbo liliisha jarife liliporudi, kwa sababu mwizi alikuwa ataoana na watu wale wale na kusali nao Ijumaa. Sisemi sisi ni bora. Kusitiriana huko huko kumewaficha watu waliofanya mabaya makubwa kuliko kuiba wavu. Lakini ukitaka kuandika riwaya ya upelelezi ya visiwani, na natamani mmoja wetu aiandike, itabidi uamue sura ya mwisho itafanya nini na jina.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, na hapa naomba nyinyi wa mashirika mnaosoma jarida hili mnivumilie. Shangazi huyu huyu aliitwa kwenye intavyuu ya kuhamishiwa nchi nyingine. Sitasema ofisi gani. Aliulizwa maswali ambayo Hannah Swensen angeyafurahia: mnakula nini, mnapikaje, kijiji cha jirani kinaitwaje, samaki gani wanapatikana. Maswali ya jikoni kabisa. Jibu lilipokuja, liliandikwa kwamba hasemi Kibajuni, anasema Kiswahili cha Kenya, kwa hiyo haijulikani kama ni wa visiwa vya Somalia.

Shaka yenyewe haikutoka hewani, nakubali. Wabajuni tuko pande zote mbili za mpaka, Faza na Kizingitini na Kiunga ni Kenya. Lakini sikiliza ilivyokuwa. Sisi nyumbani hatusemi samaki, tunasema isi. Shangazi alisema samaki. Kwa nini? Kwa sababu mbele yake alikaa mgeni mwenye kalamu, na mkalimani wa pwani nyingine, na yeye amefundishwa kwamba mgeni husemeshwa kwa lugha atakayoielewa. Heshima yake ndiyo iliyomponza. Na miaka yote hii amekaa Kenya akiuza na kununua kwa Kiswahili cha huku. Ulimi unahama na mtu.

Haya hayakumpata yeye peke yake. Uingereza, mwaka 2004, baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa hukumu iliyojadili hasa suala la Wabajuni na uwezo wa kusema Kibajuni. Derek Nurse, mwanaisimu aliyekichunguza Kibajuni kwa miaka mingi, ameandika kuhusu mahojiano ya namna hii na udhaifu wake. Maofisa nao ni wapelelezi, na wana haki ya kuuliza. Ila wanauliza kama Bwana Msa, kichwani na kwenye karatasi, kitu ambacho mtu anakijua mkononi.

Turudi kwa Hannah. Soma tena kurasa za mwanzo uone mwandishi anampa nini bure. Hakuna anayemwomba Hannah athibitishe kuwa ni wa Lake Eden. Mama yake yuko pale, mdogo wake yuko pale, kila anayeingia dukani anamjua tangu utotoni. Ndiyo maana neno lake ni ushahidi. Mtoe Hannah pale, mweke peke yake kwenye kiti cha plastiki nchi ya mbali, muulize biskuti zake zina siagi kiasi gani, na umwambie kipimo chake si cha Minnesota. Riwaya ingeisha ukurasa wa kumi. Sidhani Fluke alikusudia kutufundisha hilo. Kitabu chake ni cha kupumzisha akili na kinaifanya kazi hiyo vizuri, wahusika wanachekesha, mazungumzo yanakwenda mbio, hata Kiingereza chake ni chepesi kwa anayejifunza. Kisomeni.

Shangazi aliuliza swali moja tu nilipomaliza kumsimulia: kwa nini mle chumbani hawakumpa nguru na kisu.

Rufaa yake tumeshaiandika. Mimi nilishika kalamu, yeye akasema, na ukurasa wa pili wote ni jarife na wale samaki wawili, midomo isiyo na tundu na alama nyuma ya mashavu. Tumeomba safari hii awepo mtu wa visiwani chumbani, na tumeandika isi kila mahali. Jina la yule mtu alikataa lisiandikwe.