Pongezi kwa Wafasiri wa Viwanda vya Mbao

Katika viwanda vya kupasua mbao vya Quebec, Kanada, wafanyakazi wengi huzungumza Kifaransa, ilhali shehena kubwa huuzwa Marekani, kwa wanunuzi wanaozungumza Kiingereza. Katikati yao yupo mfasiri asiyejulikana.

Kamusi peke yake haimtoshi. Sharti aijue safari ya gogo: kumenywa gome, kupasuliwa, kunyooshwa kingo, kukatwa ncha, kukaushwa tanurini, kupangwa madaraja. Kila hatua ina mashine na istilahi zake. Kwa mfano, neno la Kifaransa flache, yaani ukingo wa ubao uliobaki na mviringo wa gogo, kwa Kiingereza ni wane. Akikosea hapo, daraja la ubao hupotoshwa na mnunuzi hulalamika. Tena mbao ambazo Mwingereza huziita timber, Mmarekani huziita lumber, hivyo lazima ajue anamwandikia nani. Humbidi achunguze michoro ya mashine na kuwauliza wapasuaji wenyewe.

Mwongozo wa msumeno ukieleweka, vidole vya mfanyakazi husalimika. Mara nyingi jina la aliyeufasiri halimo. Anastahili heshima, na malipo yanayolingana na uzito wa kazi yake.