Aliyemuuliza kuku mwenyewe

Mwaka 1965, kamati ya Brambell nchini Uingereza ilipendekeza wavu mwembamba usitumike kwenye sakafu za vizimba vya kuku, kwa kudhani unawatesa. Baadaye kuku walipopewa nafasi ya kuchagua, waliupenda wavu huohuo kuliko ule mnene uliosifiwa.

Ndiyo maana namvulia kofia Marian Stamp Dawkins wa Chuo Kikuu cha Oxford. Katika miaka ya 1970 aliwasimamisha kuku mbele ya njia mbili, huku kizimba, kule uwanja wa nje, akatazama wanakokwenda. Waliolelewa kizimbani walianza kwa kurudi walikokuzoea. Baada ya kuonja uwanja, wakaufuata. Kwa hiyo chaguo la kwanza pekee halitoshi, na yeye alikuwa na subira ya kungoja la pili na la tatu.

Kwake, ustawi wa mnyama unapimwa kwa maswali mawili: ana afya? Anapata anachokitaka? Kuhusu fahamu za wanyama, anakiri waziwazi kwamba sayansi bado haijalitegua fumbo hilo. Unyofu huo umewapa wanyama mtetezi ambaye hata mfugaji mbishi humsikiliza.