Mikono Miwili, Watoto Wawili: Lusewa hadi London Bila Msaidizi

Watu wakisikia mama anasafiri peke yake na watoto wawili kwenda Ulaya, huhesabu saa za angani na kumpa pole. Saa hazina neno. Dar es Salaam hadi Doha ni kama saa 6, Doha hadi London kama 7, na mtoto aliyezoea basi la Songea–Dar amekwisha kukaa kitini zaidi ya hapo. Kinachomlemea mama ni upungufu wa mikono: pale mtoto, pasipoti na mkoba vyote vinapodai kushikwa kwa dakika ileile. Safari hii tuipime kwa hesabu hiyo.

Tumchukue mama wa Lusewa, Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mdogo ana miezi 14, mkubwa miaka 4, na baba yao anawasubiri London. Viza zimetoka, na kila mtoto ana pasipoti yake. Juu ya hizo abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa kwa wakili. Huenda asiulizwe barua hiyo safari nzima. Akiulizwa akawa hana, atabaki anajieleza kaunta huku foleni inasonga.

Kazi ya kwanza ni kuchagua viti. Aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, na katika safari za kimataifa hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ila mtu mzima mmoja hupakata mmoja tu. Mwenye pacha wa miezi 14 atalazimika kumkatia mmoja wao kiti. Barakoa za oksijeni nazo zina hesabu yake: kila kundi la viti huwa na moja ya ziada, kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi kwenye kundi moja.

Barakoa zikishuka, mama avae yake kwanza. Najua moyo wa mzazi unavyogoma hapo. Lakini kwenye kimo cha kilomita 11 hewa ya ndani ikitoka, mtu hubaki na akili timamu kwa sekunde 30 hadi 60 tu, na mama akizimia hao wawili hawana wa kuwavisha.

Shoga zake watamwambia aombe kitanda cha mtoto, kile kinachotundikwa ukutani mbele ya safu ya kwanza. Kwa mtoto wa miezi 5 ningesema ombeni, tena mapema. Kwa huyu wa miezi 14 sioni faida. Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo kama 11, na mengine hupima na urefu, mara nyingi sentimita 75 au karibu na hapo. Kadi ya kliniki itaonyesha uzito unapita, lakini miguu ndiyo itakayogoma. Isitoshe, viti vya safu hiyo vina meza ndani ya mikono yake, hivyo mikono hiyo hainyanyuki, na mkubwa hapati pa kujilaza. Mkoba nao hauruhusiwi sakafuni ndege inapopaa, maana yake nepi ziko juu kabatini wakati zinahitajika chini. Na kila taa ya mikanda inapowaka, aliyelala kitandani lazima anyanyuliwe.

Safu ya kawaida inamfaa zaidi. Mkubwa akae dirishani, mama katikati, mkono wa kiti ukunjwe juu. Mkubwa atalala kichwa kikiwa pajani, mdogo kifuani. Mwenye uwezo amnunulie mdogo kiti kwa nauli ya mtoto, ambayo ni kama asilimia 75. Asiye nao asikonde, safari itafika.

Sasa njiani. Kutoka Lusewa ni barabara ya vumbi hadi Namtumbo, kisha lami kama kilomita 70 hadi Songea. Masika haiaminiki, kwa hiyo alale Songea mapema, asitoke nyumbani siku ya ndege. Ndege za Air Tanzania za Songea hutua jengo la 2 pale Uwanja wa Julius Nyerere. Za kimataifa huondokea jengo la 3, lililofunguliwa mwaka 2019. Kama tiketi ni mbili tofauti, mama huyu atachukua mabegi, atoke nje, ahamie jengo jingine na kujiandikisha upya. Mpango huo ni mzuri kwa kijana mwenye begi la mgongoni. Kwa yeye, heri ashuke Dar siku moja kabla alale kwa ndugu. Aangalie na tarehe: tiketi ikisema Jumanne 00:40, anatakiwa uwanjani Jumatatu usiku.

Ukaguzi ndio kipimo chenyewe. Kabla ya foleni, kila kitu kiwe ndani ya begi moja la mgongoni, isipokuwa pasipoti, zilizo kwenye kipochi shingoni, na mfuko wa uji na maziwa. Vimiminika vimewekewa kikomo cha mililita 100 tangu mwaka 2006, lakini chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa zaidi ya hapo. Mfuko huo autoe mwenyewe kabla hajaulizwa. Kwenye mashine mdogo atashushwa mgongoni. Hapo mbeleko itangulie kwenye mkanda, begi lifuate. Mkubwa apite mbele ya mama, akiwa ameshaambiwa tangu nyumbani ashike ukingo wa meza ng'ambo ya pili asibanduke. Mama afuate na mdogo mkononi. Kwa kuwa mbeleko ndiyo ya kwanza kutokea, anamfunga mtoto, mikono yote miwili inakuwa huru, ndipo anakusanya vilivyobaki. Kigari cha kusukuma angekiacha tu: kwenye kuunganisha ndege pengine hakirudishwi mlangoni, na huwezi kukikunja ukiwa na mkono mmoja.

Wakati wa kupaa na kutua mbeleko haikubaliki. Kwenye mashirika mengi mdogo hufungwa mkanda mfupi unaopitishwa kwenye ule wa mama.

Masikio ndiyo yanayoliza watoto, na hapa mtu wa Ruvuma ana kipimo chake. Hewa ndani ya ndege husukumwa iwe kama ya kimo kisichozidi mita 2,400 hivi, yaani juu kidogo ya Njombe, ambako basi la Songea hupita kila siku bila mtoto kulia. Tofauti ni kasi. Kutoka Njombe hadi pwani basi hushuka kutwa nzima. Ndege huimaliza tofauti hiyo kwa nusu saa. Mdogo anyonye, mkubwa atafune kitu, na waanze ndege inapoanza kushuka, kama dakika 30 kabla ya kutua. Wakisubiri kuona ardhi wamechelewa.

Usingizi si tatizo kubwa kwenye njia hii. Dar na Doha ni saa zilezile, na London iko nyuma kwa 2 au 3 kutegemea msimu. Dawa ya Piriton ya kulazimisha usingizi simshauri: wapo watoto ambao huwachangamsha badala ya kuwalaza, na huyo hanyamazishwi na mtu.

Choo nacho kinataka mpango. Kwenye basi ungempa jirani mtoto hata bila kuuliza jina. Kwenye ndege watu hujikunyata, si kwa ubaya, wanangoja kuombwa. Basi aombe: "Dada, nishikie kidogo." Mhudumu pia atamtazama mkubwa taa ya mikanda ikiwa imezimwa. Kwa kumbadilisha mdogo nepi kuna ubao unaokunjuliwa chooni. Aende na nepi moja na kitambaa, begi alibakize kitini.

Jambo la mwisho ni la tiketi ya kurudi. Mtoto wa miezi 14 akikaa London miezi 10 anatimiza miaka 2, na hapo hapakatwi tena. Kama kurudi ni baada ya siku yake ya kuzaliwa, mama aliseme mapema anapokata tiketi, mdogo awekewe kiti chake.