INR imepanda, jino libaki?

Kuna ushauri unaorudiwa sana: mgonjwa wa ini asing'olewe jino mpaka INR ishuke. Unasikika wa busara. Shida ni kwamba unakipa kipimo hiki kazi ambayo hakikuundiwa.

INR huonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. WHO ilianza kuitumia 1983 ili maabara tofauti zipate majibu yanayolingana kwa watu wanaomeza wafarini. Kwa hao inafaa kabisa. Lakini sirosisi ni habari nyingine. Ini hutengeneza protini nyingi za kugandisha damu, na hilohilo hutengeneza za kuizuia isigande ovyo, kama protini C. Ini likichoka, pande zote mbili hupungua. INR inaona upande mmoja tu. Ni sawa na hakimu kumsikiliza mlalamikaji, akamsahau mshtakiwa, kisha akatoa hukumu.

Sisemi eti hatari haipo. Bandama ikivimba hushikilia chembe sahani nyingi, na zikipungua mno damu inaweza kusumbua. Kichocho cha tumbo, kama kile cha kandokando ya Ziwa Victoria, huweza kuleta hali hiyo hata ini likiwa bado linafanya kazi vizuri. Kwa hiyo hesabu chembe sahani, muulize mgonjwa kama aliwahi kutokwa damu sana, ng'oa meno machache kwa mara moja, shona kidonda, kandamiza kwa shashi. Plazma ya kushusha INR je? Miongozo ya EASL ya 2022 haiipendekezi kama kinga kabla ya matibabu ya aina hii. Isitoshe, inaongeza wingi wa damu na presha kwenye mishipa ya tumboni.

Na kusubiri si bure. INR ya sirosisi mara nyingi haishuki, ila usaha unabaki, na bakteria wake wanaweza kuingia kwenye damu ya mtu ambaye kinga yake tayari ni dhaifu. Huku maumivu yakizidi, anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki, inayoweza kuumiza figo na kutoa damu tumboni. Kumbe parasetamoli anayoiogopa ndiyo nafuu, kwa kipimo cha daktari, kwa kawaida isiyozidi gramu 2 kwa siku.

Daktari wa meno na wa ini wazungumze kuhusu mgonjwa mzima. Namba moja haitoshi kumrudisha mtu nyumbani na jino bovu.